Handikapu 24, nachezea Lugalo: nichukue mpira gani wa gofu?

MkaziWaKawe ameandika:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu maana kila ninayemuuliza klabuni ananipa jibu lake na wote wanaongea kwa uhakika kabisa. Mi nachezea Lugalo, klabu ya gofu hapa Dar, handikapu 24, yaani raundi narudisha kama mikwaju 24 juu ya hesabu ya uwanja, hatua ya kupiga hewa nimeshavuka na mpira unaondoka vizuri tu, shida ni draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, inanipeleka kulia kila mara, halafu nikifika karibu na grini, pale kwenye nyasi fupi penye shimo, ndo mikwaju inapotelea hapo, nachipu, yaani nasogeza kwa pigo fupi, mpira unatua pazuri alafu unaendelea kukimbia mpaka unatokea upande wa pili, narudi kuchipu tena.

Mpaka sa hivi nacheza chochote ninachopata. Mingine nanunua kwa vijana wanaookota, mingine napewa, ukifungua begi langu utakuta Titleist, Callaway, Srixon, Pinnacle, na mingine maandishi yamefutika hata sijui ni ya nani. Sasa kaka yangu anakuja toka Dubai mwisho wa mwezi na amesema nimtajie aina atanibebea dazani mbili. Jamaa mmoja wa handikapu ya tarakimu moja ananiambia chukua Pro V1 mjadala uishe. Mwingine anasema hiyo ni kutupa hela vichakani, swingi yako ya taratibu chukua mpira laini, Supersoft, utaenda mbali zaidi. Wa tatu anasema usisumbuke, mpira ni mpira tu, jifunze kupiga.

Maswali yangu ni haya, kweli mpira unachaguliwa kwa kiwango cha mchezaji? Hiyo kompresheni wanayoisema, ugumu na ulaini wa mpira, niiangalie au niachane nayo? Na kuna mpira unaosaidia hii slaisi, huku kukunjia kulia? Natanguliza shukrani.

FundiWeji ameandika:

Mkuu karibu sana. Nianze na huyo aliyekwambia mpira ni mpira tu, kwa upande wa draiva hajakosea sana. Sheria za gofu zinaandikwa na R&A ya kule St Andrews pamoja na USGA ya Marekani, na mpira wameubana kila upande, usizidi gramu 45.93, kipenyo kisipungue milimita 42.67, na kuna kikomo cha kasi unayotoka nayo ukigongwa kwenye mashine yao. Kwahiyo kampuni zote zinagombea nafasi ndogo ileile, hakuna mpira halali utakaokuongezea mita 30 hata boksi liandikwe nini. Tofauti ya kweli iko kwenye spini, yaani mpira unavyojizungusha, na spini utaiona ukiwa umeshika weji, fimbo ya mapigo mafupi, kuliko ukiwa na draiva.

Kinacholeta hiyo spini ni ganda. Watu wengi wakiingia dukani swali la kwanza ni huu una tabaka ngapi, mbili tatu au nne, wakati cha kuuliza kwanza ni ganda limetengenezwa na nini. Na hapo makundi ni mawili tu. Kuna ionoma, plastiki ngumu inayovumilia kugongwa, wengi wanaijua kwa jina la Surlyn, ndo ganda la mipira ya bei nafuu, Supersoft, Srixon Soft Feel, Titleist Velocity, Pinnacle. Alafu kuna yurethani, ganda jembamba lenye unyororo, ndo Pro V1, TaylorMade TP5, Srixon Z-Star na wenzake. Ukichipu na yurethani, mifereji ya weji inaliuma lile ganda, linashika uso wa fimbo kama raba mpya inavyoshika sakafu, mpira unatoka chini kidogo ukiwa na spini, unadunda mara moja au mbili unatulia. Ionoma inateleza kwenye uso wa weji, inatoka juu, spini ndogo, ikigusa grini inaanza safari.

Sasa soma tena ulichoandika mwenyewe, unatua pazuri alafu unakimbia mpaka upande wa pili. Sehemu ya hilo ni mkono, sikatai, ila sehemu nyingine ni ganda. Na kinachokuumiza zaidi ni huo mchanganyiko, shimo la tatu una yurethani, shimo la nne una ionoma, chipu ileile fimbo ileile inakupa majibu mawili, mkono utajifunzaje umbali? Hauwezi. Yaani hata ningekuwa nakushauri jambo moja tu ningekwambia acha kuchanganya, aina moja begi zima, mengine baadaye.

Ndo maana mi huwa nasema mpira uchaguliwe kuanzia kwenye grini kurudi nyuma, usianzie kwenye tii unapopigia pigo la kwanza. Angalia kadi yako ya raundi ya mwisho. Kwenye uwanja wa pa 72, yaani hesabu yake ni mikwaju 72, draiva unaitoa kama mara 14 hivi maana mashimo mafupi ya pa 3 hauitumii, na wewe unarudisha kadi ya tisini na kitu kwenda mia. Hiyo mingine yote umepiga na nini? Aioni kadhaa, zile fimbo za chuma za katikati, alafu chipu na pata, za kusukumia mpira kwenye grini, ndo zimejaa. Huko ndiko mpira unakorudisha hela yake.

Kwa mtu wa 24 mi nisingekwambia ukimbilie Pro V1, Marekani kwenyewe dazani ni zaidi ya dola 50, ikifika Bongo unaijua mwenyewe. Ila kuna yurethani za bei ya kati ambazo watu wanazipita tu dukani, Srixon Q-Star Tour, TaylorMade Tour Response, hizi ni tabaka tatu na ganda ni yurethani kweli. Angalia usije ukadanganyika na neno tabaka tatu peke yake, Bridgestone e12 nayo ni tabaka tatu lakini ganda lake ni ionoma. Mpira mzuri, ila sio jibu la shida yako ya chipu.

Slaisi sasa. Slaisi inatokea kwa sababu uso wa draiva umefunguka ukilinganisha na njia fimbo inayopita, mpira unazunguka ukiwa umelala upande. Mpira wa spini ndogo unapunguza mkunjo kidogo tu, badala ya kuingia msituni mita 20 unaingia mita 17, bado uko msituni. Ipo mipira iliyoundwa ijinyooshe yenyewe hewani, inafanya kazi kweli, lakini haikubaliki kwenye mashindano, na ukishaizoea haujawahi kuitibu swingi yako. Hiyo peleka kwa kocha.

MzeeWaAsubuhi ameandika:

Nimesoma maelezo ya FundiWeji na ni mazuri, nitaongeza historia kidogo kwa sababu hili swali la "mpira wa kiwango chako" lina asili yake.

Tulioanza zamani tulikuta mpira wenye nyuzi za raba zilizosokotwa kuzunguka kiini, juu yake ganda la balata, aina ya raba laini. Ulikuwa laini, unatii mkono, lakini aioni ikiugusa vibaya unafunguka mdomo na safari yake imeishia hapo. Kwa hiyo balata alicheza anayejua kuupiga katikati ya uso wa fimbo, na anayejifunza akapewa mpira mgumu wa ganda la Surlyn usiokatika, unaokwenda mbali lakini hausimami. Hapo kugawana kwa viwango kulikuwa na sababu ya msingi. Hata rangi ya namba ilikuwa na maana kwenye Titleist za wakati huo, nyekundu ilikuwa kompresheni 90, nyeusi 100, na watu walitembea kifua mbele kwa sababu wanacheza nyeusi.

Oktoba 2000 ndipo Pro V1 ilipoingia kwenye mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani. Kiini kizima cha raba bila nyuzi, ganda la yurethani. Mpira mmoja ukawa unakwenda mbali, unasimama, na haukatiki ovyo. Ndani ya muda mfupi mipira ya nyuzi ikatoweka. Tangu siku hizo ile sababu ya kumkataza mtu wa handikapu kubwa asicheze mpira wa mafundi haipo tena. Kilichobaki ni bei.

Ila hapo kwenye bei ndipo ninapotofautiana na FundiWeji. Mchezaji anayepoteza mipira kila raundi, ukimpa mpira wa gharama, unambadilisha tabia. Nimewaona wengi. Akifika kwenye shimo lenye maji anaweka mfukoni mpira mzuri na kutoa mbovu, kwa hiyo kwenye pigo gumu kuliko yote anacheza mpira asioujua, huku kichwani ameshajiandaa kuupoteza. Swingi inakuwa ya woga. Mimi namshauri huyu kijana achukue ionoma ya bei nafuu, aina moja, asiibadilishe, mpaka atakapokuwa anamaliza mashimo tisa mara kwa mara na mpira uleule alioanza nao. Akifika hapo ahamie kwenye yurethani, na atajua kilichobadilika kwa sababu mkono wake utakuwa umetulia.

BintiMsasani ameandika:

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kutoa mpira mbovu kwenye maji umenena, hiyo tabia iko kila mahali, hata pale klabu ya Gymkhana naiona kila wikendi.

Nijibu suala la kompresheni maana naona bado halijaguswa na ndo linalopotosha watu wa swingi za taratibu, hasa sisi wanawake, ukiingia tu dukani unapelekwa kwenye kona ya mipira laini ya pinki. Kompresheni ni kipimo cha mpira unavyobonyea ukigongwa, namba ndogo ni laini, namba kubwa ni mgumu. Basi. Yale maneno kwamba swingi ndogo "haiubonyezi" mpira mgumu kwahiyo laini utaenda mbali zaidi, yamepimwa kwa roboti na hayajasimama. Mpira laini kwa kawaida unatoka taratibu zaidi, kwa swingi ya kasi hasara inaonekana wazi, kwa swingi ya taratibu hasara inakuwa ndogo, lakini haigeuki kuwa faida. Kwahiyo yule aliyekwambia Supersoft itaenda mbali kwa sababu swingi yako ni ndogo, amekupa mpira mzuri kwa sababu ambayo sio.

Sasa laini una raha yake na siipingi. Ukipiga pata unasikia sauti ya chini, mkono unapokea vizuri, kuna watu wakipiga pata na mpira mgumu unaolia wanaogopa na kuupiga kwa nguvu pungufu. Hiyo ni sababu halali kabisa ya kuchagua, hisia ni sehemu ya mchezo. Usichague tu kwa kuahidiwa umbali.

Mtu wa swingi ya taratibu anachohitaji ni mpira unaopanda na kukaa hewani. Mi aioni saba yangu ikitua kwenye grini tatizo haliko kwenye spini peke yake, tatizo ni kwamba inakuja chini chini, inatua kwa mlalo, haiwezi kusimama hata ganda liwe la nini. Nilipohamia mpira unaopanda juu zaidi ndo nikaanza kubaki kwenye grini. Kwahiyo ukipewa aina tatu za kujaribu, usiangalie tu unafika wapi, angalia umepanda kiasi gani na umetua kwa pembe gani. Na mpira ulioandikwa wa wanawake mara nyingi ni ule ule laini wa tabaka mbili umebadilishwa rangi, mwanaume anaweza kuucheza na mwanamke anaweza kucheza Pro V1, mpira haujui nani ameshika fimbo.

Kuhusu ubishi wa mzee na FundiWeji mi niko katikati. Swali langu kwa MkaziWaKawe, raundi moja unapoteza mipira mingapi, na unaipotezea wapi? Ya draiva tu au hata ya aioni?

KediMkongwe ameandika:

Waungwana heshima zenu. Mi nimebeba mabegi ya kila aina ya mchezaji, naomba niongezee ya uwanjani ambayo kwenye boksi hayaandikwi.

Mipira ya kuokota. Mi sikukatazi kununua, vijana wanapata ridhiki yao hapo, ila jua unanunua nini. Mpira uliodondoka jana kwenye nyasi ni mpira mzima huo, ufute cheza. Uliolala ndani ya maji muda mrefu unapoteza umbali na kwa macho hauwezi kuujua. Na kuna ile iliyokwanguliwa ikapakwa rangi upya ikapigwa muhuri wa jina kubwa, inang'aa kuliko mpya, hiyo ndo iepuke. Vile vishimo vya juu ya mpira sio urembo, mpira usio na vishimo unaenda kama nusu ya umbali, vishimo ndo vinafanya hewa ishikamane na mpira muda mrefu, mkia wa hewa unaouvuta nyuma upungue. Sasa rangi ikijaa kwenye vishimo ruka yake inabadilika, unakuta bosi analaumu swingi kumbe ni rangi. Ukishika mpira wa namna hiyo pitisha kidole, vishimo utaviona vimekuwa vifupi, na maandishi hayajanyooka vizuri.

Namba 1, 2, 3, 4 iliyoko kwenye mpira, bado kuna wachezaji wananiuliza namba gani ni ya wanaoanza. Siku hizi hiyo ni ya kutambua mpira wako tu, haina ugumu wala ulaini. Watu wanne mnaondoka tii, wawili wana Titleist, mmoja 1 mwingine 3, basi. Na hiyo haitoshi, sheria inasema uweke alama yako, chukua kalamu ya wino usiofutika weka nukta mbili, mstari, herufi, chochote chako. Nimeshuhudia watu wawili wako rafu, kwenye nyasi ndefu, wana mipira miwili jina moja namba moja, hakuna mwenye alama, hakuna anayeweza kusema huu wangu, wote wawili inahesabika imepotea. Inauma sana maana mipira yote mnaiona hapo chini.

Na kutafuta ni dakika 3 tu tangu 2019, zamani zilikuwa 5. Zikiisha umepoteza, unaongeza pigo moja na kurudi ulipopigia. Kwahiyo mtu wa slaisi kama mwenye uzi akiona mpira umeelekea vichakani atangaze palepale kwamba anapiga mpira wa akiba, autaje kabisa kwa maneno, alafu apige, asisubiri kutembea mpaka kule arudi. Kwa upande huu mpira unaoonekana unakuokolea mikwaju kuliko hata spini. Njano iliyokolea, au ile ya nusu rangi hii nusu rangi ile, nikiwa mbele naiona inatua wapi, jioni jua likiwa limeinama nyeupe inapotea machoni. Wakubwa wengi hawataki rangi wanaona ya kitoto. Mi ningekuwa nachagua kwa handikapu 24 ningechagua rangi kabla ya kompresheni.

MkaziWaKawe ameandika:

Aisee nashukuruni sana, shikamoo mzee, nimejifunza hapa kuliko mwaka mzima wa kuuliza uliza.

BintiMsasani dada yangu nimejibu kwa kuangalia kadi zangu, ninayopoteza karibu yote ni ya draiva kulia, kwa aioni ni mara chache sana na mara nyingi ni kwenye maji. Chipu sipotezi mpira ila napoteza mikwaju.

Maswali mawili ya mwisho. Moja, nikitaka kujaribu kabla kaka hajanunua, najaribuje bila mashine za kupimia? Mbili, huu upepo, kipindi cha kusi kuna siku nikipiga kukabili upepo mpira unapanda unasimama kabisa juu alafu unashuka, je yurethani si itaongeza hilo tatizo kwa kuwa spini ni kubwa?

FundiWeji ameandika:

Kujaribu hauhitaji mashine. Dazani moja huwa imegawanywa vikasha vinne vya mipira mitatu mitatu, tafuta duka la klabu au rafiki atakayekuuzia kikasha kimoja kimoja, chukua aina mbili tu, moja ionoma moja yurethani. Nenda kwenye grini ya mazoezi asubuhi watu hawajajaa. Simama mita kama 15 kutoka ukingoni, weji ileile, chipu zote sita kuelekea shimo moja, zipishanishe, usipige tatu za aina moja kwa mfululizo maana mkono unajirekebisha bila wewe kujua. Angalia zimesimama wapi. Rudi mita 40 rudia. Alafu pata ndefu, sikiliza mlio. Alafu ingia uwanjani shimo la pa 3 na aioni zako, fanya alichosema dada, angalia urefu wa kwenda juu na pembe ya kutua. Draiva iache mwisho kabisa, na hata usipoipiga haidhuru.

Ukifanya hivi siku grini imelowa, labda masika, utaona tofauti ni ndogo, kila mpira unasimama. Fanya siku kavu grini ikiwa ngumu. Na usijaribu kutoka rafu ndefu, nyasi zikiingia katikati ya weji na mpira hata yurethani inapoteza kushika, utadhani hakuna tofauti kumbe haujaipa nafasi.

BintiMsasani ameandika:

La upepo ngoja nilijibu mimi maana Gymkhana tuko pembeni ya bahari, Juni mpaka Septemba kusi ikikaza unalia. Ni kweli spini kubwa ukikabili upepo inaunyanyua mpira unasimama, lakini chanzo kikubwa cha hiyo spini ni wewe kupiga kwa nguvu zote. Watu wakiona upepo wanakaza, wanakaza spini inaongezeka, mpira unapanda zaidi. Badala ya aioni nane chukua sita, shika chini kidogo, piga robo tatu taratibu, mpira utatoka chini na spini ndogo, hapo ganda halitakuwa na maneno. Tofauti ya mipira kwa aioni ndefu na draiva ni ndogo kuliko hiyo ya namna ya kupiga. Ila ukiona kwenye aina mbili ulizojaribu moja inapanda sana na wewe tayari unapiga juu, chukua ile nyingine. Mi napiga chini ndo maana nilitafuta inayopanda, wewe inawezekana ni kinyume changu, usininakili.

MzeeWaAsubuhi ameandika:

Marahaba wote. Kama mipira inapotelea kwenye draiva peke yake na aioni zimetulia, basi nalegeza msimamo wangu kidogo. Sheria za kawaida zinakuruhusu kubadilisha mpira kila unapoanza shimo jipya, isipokuwa mashindano yameweka kanuni ya mpira mmoja, na hiyo ni ya wachezaji wa kulipwa zaidi. Lakini bado nakuomba usiwe na mpira wa maji na mpira wa nchi kavu. Ukichagua, uchague unaoweza kumudu kuupoteza kwenye shimo baya kuliko yote ya uwanja wenu, na huo huo ndio uuchezee kila mahali.

Mkipata nafasi waelezeni na wenzenu wanaoanza, kwa sababu nawaona vijana wananunua mpira wa gharama ili waonekane kwenye tii ya kwanza, na pesa ileile ingemlipa kocha masomo kadhaa ya hiyo draiva.

KediMkongwe ameandika:

Mzee umesema kweli. Na kitu kingine, mpira ukipasuka au kukatika katikati ya shimo unaruhusiwa kuubadilisha, ila ukiwa umekwaruzika tu na barabara au jiwe hapana, unamaliza nao shimo. Baada ya hapo kama ni yurethani na ganda limechanika nyuzi nyuzi toa, spini yake sio ya jana.

MkaziWaKawe ameandika:

Wakuu nimerudi na majibu. Nilipata kikasha cha Soft Feel na cha Q-Star Tour, nimefanya kama FundiWeji alivyoelekeza, grini kavu asubuhi, nikapishanisha. Kutoka mita 15 tofauti ipo na naiona kwa macho yangu, ionoma zimepita shimo zote, yurethani mbili zimesimama karibu na moja nimeipiga vibaya mwenyewe. Mita 40 tofauti ikawa kubwa zaidi. Kwenye pata nimependa zote mbili, sikuona sababu ya kubagua. Pa 3 na aioni saba zote zinapanda vilevile, nadhani mi napiga juu kwa asili, kwahiyo hilo la urefu halinisumbui.

Nimepiga hesabu ya Mzee pia, nikachukua idadi ya mipira ninayopoteza kwa mwezi nikaizidisha kwa bei ya Q-Star Tour moja, naimudu, Pro V1 siimudu bila kuanza kuogopa maji. Kwahiyo nimemwambia kaka alete Q-Star Tour dazani mbili, na nimemwambia atafute ile ya nusu rangi nusu rangi kwa ajili ya KediMkongwe, ikikosekana njano. Hela niliyotaka kuongezea ya dazani ya tatu nimelipia kocha kwa ajili ya draiva, naanza Jumamosi.

Nimebaki na swali dogo la hii mipira mchanganyiko iliyojaa kwenye begi, nifanyie nini?

FundiWeji ameandika:

Itenge. Ionoma zote weka za kupigia draiva na aioni mazoezini, huko haina shida. Yurethani nzima weka za mazoezi ya chipu, usichipu kabisa na ionoma kuanzia leo. Iliyopakwa rangi na isiyojulikana gawa kwa watoto wanaojifunza. Na hizo dazani mbili zikifika usiziache kwenye buti la gari juani, weka ndani nyumbani, toka na vikasha viwili kwa raundi.

MkaziWaKawe ameandika:

Nimeelewa kiongozi, kalamu ya alama nimeshanunua. Nukta tatu nyekundu chini ya namba, wa Lugalo mkiiokota ni yangu.